Kushoto ni kushoto kwa nani? Maneno ya mwili yanayowachanganya wagonjwa na ndugu zao

Picha ya eksirei ya kifua cha mama mkubwa ilipowekwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, saa moja haikupita habari ikawa imeenea: moyo wa mama mkubwa umehamia kulia. Binamu mmoja aliikuza picha akauzungushia moyo duara jekundu. Mjomba akaanza kuulizia gharama za hospitali kubwa. Mwenyewe, aliyekuwa amekwenda kupimwa kikohozi tu, usiku ule hakula.

Moyo haukuwa umehama, na picha haikuwa na kasoro yoyote. Tulichokosa ni kitu ambacho wahudumu wa afya hufundishwa mwanzoni kabisa mwa masomo yao na sisi wengine hatufundishwi popote: namna ya kutaja pande za mwili, mikao yake na miendo yake bila kuacha mwanya wa watu wawili kuelewa mambo mawili. Siku hizi majibu ya vipimo yanatangulia kufika kwenye simu kabla mgonjwa hajaonana na daktari. Tunayasoma wenyewe, tunayatafsiri wenyewe na tunatishana wenyewe. Kwa hiyo nimeona tulifungue jambo hili taratibu, tukianzia kwenye ile picha.

Kulia na kushoto ni vya mwenye mwili, si vya anayemtazama. Daktari akiandika "figo ya kushoto" anakusudia figo iliyo upande wa mkono wa kushoto wa mgonjwa, awe daktari amesimama mbele yake, nyuma yake au miguuni pa kitanda. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Mkono wa kulia ni ule ambao mtu hulia chakula, na hakuna anayekula kwa mkono wa jirani. Wako wanaosema mkono wa kuume na mkono wa kike, na hapo pia mwenye mkono ndiye anayehesabiwa.

Sasa rudi kwenye eksirei ya kifua. Kwa desturi huwekwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yako mnatazamana. Mkiwa hivyo, kushoto kwake kuko upande wa kulia kwako. Ndiyo maana watu wawili wakipeana mkono wa kulia, mikono hukutana kwa mshazari. Moyo ulioegemea kushoto kwa mama mkubwa lazima uonekane upande wa kulia wa karatasi. Tulidanganywa na mazoea ya kioo, kwa sababu kwenye kioo kushoto kwako hubaki upande wa kushoto. Picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kana kwamba umekatwa vipande kwa upana, hufuata mpango huo huo: hutazamwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, unaangalia kuelekea kichwani, na kulia kwake kuko kushoto kwako.

Ili mtu asibahatishe, picha ya eksirei hubandikwa herufi: L kwa kushoto au R kwa kulia. Ukiona herufi hiyo inasomeka kinyumenyume, ujue picha imeshikwa upande wa nyuma au simu imeigeuza. Itafute kwanza kabla ya kumtumia mtu yeyote picha hiyo. Haijawekwa kama pambo. Kuna watu, takriban 1 kati ya 10,000, ambao kweli huzaliwa na viungo vya ndani vimepangwa kinyume: moyo umeegemea kulia, ini liko kushoto, bandama iko kulia. Wengi wao huishi bila taabu na hugundua kwa bahati tu. Mtaalamu hawezi kumtofautisha mtu wa namna hiyo na picha iliyogeuzwa kimakosa bila ile herufi.

Na hata kwa sisi wengine, moyo hauko kushoto kama tunavyopigia kifua tukiimba wimbo wa taifa. Uko katikati, nyuma ya mfupa wa kifua, na karibu theluthi mbili zake zimeegemea kushoto. Jambo jingine linalotisha watu kwenye majibu ya ultrasaundi ni figo ya kulia kuonekana chini kidogo kuliko ya kushoto. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi, kwa kuwa upande huo juu yake pamekaliwa na ini.

Mtu wa mfano amesimama vipi

Ukisema "juu ya kiwiko", juu ni wapi ikiwa mtu ameinua mkono? Ukisema "mbele ya kiganja", mbele ni wapi ikiwa kiganja kimegeukia chini? Wataalamu walilimaliza suala hili kwa kukubaliana juu ya mkao mmoja wa kufikirika, mkao wa anatomia. Mtu amesimama wima, uso na macho mbele, miguu karibukaribu, vidole vya miguu vikielekea mbele, mikono imening'inia ubavuni, na viganja vimefunguliwa kuelekea mbele. Kila neno la upande hupimwa kutoka kwenye mkao huo, hata kama mgonjwa mwenyewe amelala, amejikunja au amebebwa mgongoni.

Ni sawa na ramani. Tanga iko kaskazini ya Dar es Salaam ukiwa umesimama, umelala kwenye basi au umegeuza kitabu juu chini. Mtu aliyelala chali, kifua chake bado ni "mbele" na kisogo chake bado ni "nyuma", ingawa kwa macho yetu kifua kiko juu na kisogo kiko chini.

Sehemu ya mkao huo inayowakwaza wengi ni viganja. Simama kama unavyosimama kila siku na utaona viganja vyako vinatazama mapaja au nyuma, na kidole gumba kiko upande wa mwili. Kwenye mkao wa anatomia gumba huwa nje, mbali na mwili, na kidole cha mwisho ndicho kinachokaribia paja. Kwa nini wakachagua mkao usiostarehesha hivyo? Shika kigasha chako, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kisha geuza kiganja. Utahisi mifupa ikisogea chini ya ngozi. Humo mna mifupa miwili, na kiganja kikielekea mbele hulala sambamba kama reli. Ukigeuza kiganja nyuma, mfupa wa upande wa gumba huvuka juu ya mwenzake. Mkao wenye mifupa iliyonyooka sambamba ndio unaoruhusu kusema "mfupa wa nje" na "mfupa wa ndani" bila mabishano.

Pande, na Kilatini kilichokatwa mkia

Maneno mengi kwenye ripoti ni ya Kilatini, mara nyingi yakiwa yamekatwa mwisho. Mwaka 1895 wanaanatomia walikutana Basel, Uswisi, wakapitisha orodha moja ya majina ya Kilatini, kwa sababu kiungo kimoja kilikuwa kinaitwa kwa majina chungu nzima kutegemea nchi na mwalimu. Mwaka huo huo Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei huko Ujerumani. Orodha imefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo, likiwemo toleo kubwa la 1998, lakini maneno ya pande ni yale yale na si mengi.

Mbele ni anterior, nyuma ni posterior. Upande wa kichwani ni superior, upande wa miguuni ni inferior. Haya mawili ya mwisho yameshawatoa watu machozi bure. Ripoti ikitaja ukuta "inferior" wa moyo, haisemi kwamba ukuta huo ni duni au dhaifu. Inataja ukuta wa upande wa chini, basi. Vivyo hivyo superior haina sifa yoyote ndani yake.

Halafu kuna katikati na pembeni. Fikiria mstari unaoshuka kutoka kati ya paji la uso, ukapita puani, kidevuni na kitovuni, hadi kati ya miguu. Huo ndio barabara kuu ya mwili. Kilicho karibu nao ni medialis, kilicho mbali nao ni lateralis. Pua iko barabarani kabisa, macho ni mtaa wa pili, masikio ni mtaa wa mwisho. Hapa Kiswahili cha kawaida kinatutega. Mgonjwa akisema "naumwa ndani ya goti", anaweza kumaanisha ndani ya kiungo chenyewe, au upande wa goti unaotazamana na goti la pili. Hayo ni maumivu mawili tofauti yenye sababu tofauti. Ukitaka kueleweka sema "upande unaotazamana na goti lenzake", au "katikati kabisa, nyuma ya kifuniko cha goti".

Kwa mikono na miguu kuna jozi nyingine, proximalis na distalis, na hizi nazipenda kwa sababu mwembe unazieleza vizuri kuliko kitabu. Tawi lina shina na lina ncha. Kilicho karibu na shina, yaani kiwiliwili, ni proximalis. Kilicho kuelekea nchani ni distalis. Kiwiko kiko shinani kuliko kifundo cha mkono, na kifundo kiko shinani kuliko kucha. Kwa hiyo ukisoma kwamba mfupa wa kigasha wa upande wa gumba umevunjika "distal", ujue umevunjika mwisho wake wa karibu na kifundo cha mkono. Ni mvunjiko wa mara kwa mara sana, kwa kuwa mtu akiteleza hutanguliza kiganja kujizuia.

Jozi ya kilicho karibu na ngozi na kilicho kina zaidi ni rahisi: nazi ina makumbi, kifuu, nyama na maji, na kila tabaka ni la kina kuliko lililotangulia.

Kabla hatujaacha majina, lazima niseme jambo kuhusu mkono na mguu. Katika lugha yetu mkono huanzia begani hadi ncha za vidole, na mguu huanzia nyongani hadi kucha. Kwa maisha ya kila siku hilo linatosha. Kwenye simu ya dharura halitoshi. "Amevunjika mguu" inaweza kuwa paja, ambako damu nyingi huweza kuvujia ndani bila kuonekana, au inaweza kuwa kidole kidogo. Na maneno tunayo, tena mazuri: paja, goti, muundi kwa mfupa wa mbele, shavu la mguu kwa nyama ya nyuma, kifundo, kisigino, unyayo. Kwa mkono kuna bega, kwapa, kiwiko, kigasha, kifundo, kiganja. Vidole vya mkono vina majina: gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Tumia majina hayo badala ya namba. Ukisema "kidole cha pili", mmoja ataanza kuhesabu kwenye gumba na mwingine ataliruka.

Miendo

Mtaalamu wa tiba ya viungo anapokuandikia mazoezi, maneno yake mengi ni jozi za kwenda na kurudi. Kukunja, flexio, ni kupunguza pembe ya kiungo. Kukunjua, extensio, ni kuifungua. Kiwiko hukunjwa kwa kigasha kuja mbele, goti hukunjwa kwa kisigino kwenda nyuma, lakini yote mawili ni kukunja kwa sababu pembe inapungua. Anayerukuu katika swala anakunja nyonga na kujitahidi magoti yabaki yamekunjuliwa.

Kupeleka kiungo mbali na ile barabara kuu ni abductio. Kukirudisha ni adductio. Tofauti ya herufi moja katikati ya maneno haya imewasumbua wanafunzi vizazi kwa vizazi. Ukipanda bodaboda na kutanua mapaja ukae nyuma ya dereva, hiyo ni ya kwanza. Ukibana daftari kwapani lisianguke, hiyo ni ya pili. Misuli ya kubana mapaja iko upande wa ndani wa paja na inaanzia karibu na kinena. Ndiyo inayochanika kwa wachezaji mpira wanaponyoosha mguu pembeni kuwahi mpira, na watangazaji huiita jeraha la nyonga. Nyonga ni kiungo, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia kwenye kikombe chake. Kinena ni pale paja linapokutana na tumbo. Mchezaji mwenye tatizo la kinena na mwenye tatizo la kiungo cha nyonga hawatibiwi sawa, na shabiki anayehesabu wiki za kumkosa anapaswa kuambiwa ni lipi.

Mgeuzo wa kiganja una majina yake. Kiganja kikielekea juu, kama mtu anayeomba dua, ni supinatio. Kikielekea chini, kama mtu anayesukuma chapati, ni pronatio. Kukuna nazi au kufungua kitasa ni kwenda na kurudi kati ya hayo mawili. Na kifundo cha mguu kina mwendo wake unaotia watu hospitalini: unyayo kugeukia ndani, ukitazamana na unyayo wa pili. Mara nyingi mtu akikanyaga shimo na kuteguka, huteguka hivyo, na ndiyo sababu uvimbe hutokea upande wa nje wa kifundo, kwenye kano zilizovutwa.

Chali, kifudifudi, kiubavu

Kwa mikao ya kulala Kiswahili hakihitaji kuazima chochote. Chali ni mgongo kitandani, kifudifudi ni uso na tumbo kitandani, kiubavu ni ubavu mmoja kitandani. La kukumbuka ni kwamba kulala kiubavu hupewa jina la ubavu uliogusa kitanda. "Kiubavu cha kushoto" ni kushoto chini, kulia juu.

Hapa ndipo imani isiyo sahihi inapoweza kuua, kwa hiyo nitakaa kidogo. Bibi zetu wengi, na baadhi ya mama wadogo kwa wakubwa, wanashikilia kwamba mtoto mchanga akilazwa chali atapaliwa na maziwa, heri alazwe kifudifudi. Wanasema kwa mapenzi na woga wa kweli. Lakini tazama anatomia. Njia ya hewa iko mbele ya shingo. Umio, njia ya chakula, uko nyuma yake. Mtoto akiwa chali, mbele kumekuwa juu. Njia ya hewa iko juu ya umio, na maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda ili yaingie humo. Ukimgeuza kifudifudi, njia ya hewa inakuwa chini, na kilichorudi kinaweza kutiririka kuelekea mlangoni pake. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika nchi hizo, bila vifo vya kupaliwa kuongezeka. Mtoto alazwe chali, kila usingizi, wa usiku na wa mchana, juu ya godoro gumu kiasi lisilo na mito.

Mtu mzima aliyezimia lakini anapumua ni habari nyingine. Ulimi wake umelegea na unaweza kurudi nyuma ukaziba koo, kwa hiyo yeye hulazwa kiubavu, matapishi yatoke nje kwa mdomo.

Mjamzito naye huambiwa alale kushoto tu, na wengine wanakesha kwa hofu wakijikuta wamegeukia kulia. Ushauri huo una chanzo. Mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu za chini, vena cava inferior, hupita kulia kidogo kwa uti wa mgongo, na mfuko wa uzazi uliojaa unaweza kuubana mama akilala chali. Kinachoepukwa ni chali, hasa kuanzia wiki ya 28. Tafiti zilizolinganisha ubavu wa kulia na wa kushoto hazikuona hatari zaidi upande wa kulia. Ukiamka na kujikuta chali, geuka upande wowote uendelee kulala.

Kifudifudi nacho kina siku yake. Wakati wa UVIKO-19 ndugu wengi walishtuka kuona wagonjwa mahututi wamelazwa kwa tumbo. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo, na mtu akilala chali sehemu hiyo huelemewa. Akigeuzwa, hupata nafasi ya kufunguka.

Kabla ya kisu

Katika upasuaji, neno "kushoto" likieleweka vibaya, mtu huamka na kovu kwenye goti lililokuwa zima. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti chumba cha upasuaji, na miongoni mwake ni haya: mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, sehemu gani ya mwili. Orodha ilijaribiwa kati ya 2007 na 2008 katika hospitali nane za miji minane, kuanzia Seattle na London hadi Ifakara yetu hapa Tanzania. Vifo kwa ujumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hilo halikuletwa na swali la upande peke yake, lakini nalo limo.

Orodha hiyo pia inataka upande uchorwe kwa kalamu juu ya ngozi, na inafaa kuchorwa mgonjwa akiwa bado macho. Kama kalamu haijaja, iulizie. Ukiulizwa ni mguu upi, usijibu kwa neno tu. Weka kiganja juu yake na useme: huu, wa kushoto wangu, chini ya goti, upande unaotazamana na mwenzake.